Kondoo kwa Mgiriki

Vita vya shifta, waasi wa Kisomali wa kaskazini mwa Kenya, vilinikuta nikiwa mwalimu wa shule ya msingi Wajir. Likizo moja niliitwa Thika kwa mafunzo. Malori hayakuruhusiwa kusafiri bila askari, kwa hiyo tulipofika Garissa tuliambiwa tungoje msafara wa kesho yake. Nilikuwa nimeketi kiti cha mbele cha lori na mnunuzi wa ngozi kutoka bara, mtu mkarimu mwenye maneno mengi. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Mgiriki.

Mgiriki alikuwa mzee mfupi mwenye hoteli ya meza nne karibu na mto, walimokula maofisa. Watu wetu, Wasomali, hawakuingia mle. Mimi niliingia kwa sababu ya suruali na viatu vyangu, na nakiri kwamba nilijiona.

"Leo mtakula chakula cha kwetu," mzee akasema, akipangusa meza kwa furaha.

Zilitangulia zeituni nyeusi zilizoelea kwenye mafuta. Nilidhani ni tende, nikatupia mbili mdomoni. Uchungu na chumvi vikanikaza ulimi, nikazitemea kiganjani. Ikafuata jibini nyeupe, inanuka kama kiriba kilichosahauliwa juani. Lakini lililonishinda kabisa lilikuwa bakuli la maziwa mgando yaliyochanganywa na tango na kitunguu saumu. Mama yangu alifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi mtamu kila siku ya maisha yake. Kitunguu saumu kwenye maziwa! Nikageuza uso.

"Kula, mwalimu," mnunuzi wa ngozi akacheka, masharubu yake yamejaa yale maziwa.

Kisha ikaja nyama. Nilimwita mpishi, Mswahili wa pwani, nikamuuliza nani alichinja.

"Mimi mwenyewe, maalim. Kwa bismillahi."

Ilikuwa ya kondoo, imeokwa tangu alfajiri kwa ndimu na majani makavu ambayo mzee aliletewa kutoka kwao, mpaka ikawa inaachana na mfupa yenyewe. Mafuta ya mkia yalikuwa yameyeyukia kwenye viazi. Nililamba vidole.

"Kondoo siku hizi ni wa bure tu," mnunuzi wa ngozi akasema. "Wanauzwa pale kwenye zizi la serikali. Wale waliokamatwa kwa watu wa shifta."

Nilisikia vizuri. Nilijua pia kwamba lori likishambuliwa mahali, mifugo ya majirani wote huswagwa na askari, mwenye kosa na asiye na kosa. Nikajipakulia tena.

Tuliposhiba nilitoka nyuma kunawa. Kando ya pipa la maji palikuwa na gunia, na juu yake vichwa vitatu vyeusi vya kondoo, nzi wanaingia na kutoka puani. Masikio ya kushoto yalikatwa alama mbili, ya kulia yalipunguzwa ncha. Alama ya mjomba wangu. Utotoni mimi ndiye niliyewashika wanakondoo miguu akiwakata.

Nilitapika pale pale ukutani, mpaka ikawa natapika maji machungu.

Mgiriki alikuja mbio na kitambaa. "Ni jibini? Jibini imeharibika?"

"Hawa ni kondoo wa mjomba wangu."

Akavitazama vile vichwa, akanitazama. "Nimenunua kwa risiti," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo: "Pole sana." Akamwambia mpishi avifunike.

Mnunuzi wa ngozi alikuwa ametufuata, bado anatafuna. Alisikia yote. Akauliza kama zile ngozi tatu zinauzwa.

Sikurudi naye ndani. Safari iliyobaki nilikaa nyuma ya lori, juu ya mizigo, na vumbi.

Mwezi mmoja baadaye, nikirudi kutoka Thika, nilimkuta mjomba Garissa, katika kijiji kilichozungushiwa waya na serikali, hana hata mbuzi mmoja. Nilimweleza kila kitu, hata kwamba nilijipakulia tena. Alinisikiliza huku akichora mchanga kwa kidole.

"Kondoo alikuwa amenona?" akauliza.

"Alinona sana, abti."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesifiwa. Na mimi, nikitamka maneno hayo mbele yake, nilihisi mate yananijaa mdomoni. Nikayameza.