Kabureta Mbili na Mlima wa Vugiri

Baba mkwe wangu alikuwa dereva maisha yake yote, na mimi ni fundi wa magari hapa Korogwe. Ungedhani tungekuwa na mengi ya kuzungumza, lakini kwa miaka mingi hatukuvuka salamu. Nikimtembelea Handeni nilisema shikamoo baba, yeye akaitikia marahaba, akaniuliza habari za wajukuu, kisha tukanyamaza hadi chakula kiletwe. Ndivyo nilivyolelewa: mkwe huheshimiwa kwa kukaliwa mbali kidogo.

Mama mkwe alifariki akiwa kwao Vugiri, kule milimani, alikokwenda kumuuguza mdogo wake. Tukamzika hukohuko, karibu na wazazi wake. Baada ya hitima ya arobaini mzee alirudi Handeni, akaegesha pikapu yake kuukuu chini ya paa la mabati, akakaa. Hakuwa mgonjwa. Alikula kidogo, alijibu akiulizwa, basi. Mke wangu alimpigia simu kila jioni, na kila alipokata aliniangalia. Jina la Vugiri hatukulitaja tena mbele ya mzee.

Siku moja mke wangu akaniambia, "Nenda kaitazame ile pikapu."

"Amesema ina tatizo?"

"Hajasema kitu. Wewe nenda tu."

Nikaenda. Gari liliwaka kwa taabu, likatetemeka, likazimika. Nilifungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nikakuta boya linaloelea ndani yake limetoboka na limejaa petroli. Nilikuwa nimekuja na kabureta nyingine ya akiba niliyoitoa kwenye gari bovu lililokatwa vyuma hapa Korogwe. Ilikuwa kubwa kuliko ya kwake, yenye makoo mawili ya kuvutia hewa: moja hufanya kazi muda wote, la pili hufunguka ukikanyaga mafuta sana. Nikamwambia nitamfungia hiyo, itampa nguvu zaidi.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake barazani. Akaja taratibu, akaichukua, akaipima kwa mkono.

"Hii itakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka mbugani," alisema. "Yangu ina koo moja, na imenitosha."

"Yako imechoka, baba."

"Boya ndilo limechoka. Kabureta ni nzima."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akisema tangu mazishi. Sikutaka yaishe. Nikasema, kwa ubishi ambao sikuwahi kuuthubutu mbele yake, kwamba kama anaiamini basi tuzishindanishe.

Tukazishindanisha. Boya tuliliziba kwa risasi ya kuchomelea baada ya kulikausha. Tukafunga chupa yenye lita moja ya petroli kando ya betri, tukaunganisha mpira wake kwenye pampu, tukatoka na kabureta yake kwa barabara ya Korogwe hadi gari likazimika lenyewe. Mzee akashuka, akavunja kijiti cha mkwaju akakichomeka pembeni ya lami. Tulirudi kwa petroli ya tangi, tukafunga ya kwangu. Ya kwangu ilikuwa na miguu mipana, kwa hiyo nilikata kibati cha kuiunganisha na injini, naye akakata gasketi kutoka boksi la sabuni kwa mkasi wa marehemu. Alipoushika mkasi ule alisita kidogo, kisha akaendelea kukata.

Tulipotoka tena na lita moja, gari lilizimika mbali kabla ya kufika kwenye kijiti. Mzee hakucheka, ila alikitazama kule mbele kilikochomekwa, akasema, "Kanywe maji, fundi."

"Mafuta umenishinda," nilikubali. "Nguvu je? Hapa ni tambarare. Nguvu huonekana mlimani."

Nilijuta papo hapo, maana mlima tunaoujua sote ni mmoja. Alifuta mikono kwa kitambaa. Halafu akasema mwenyewe, "Basi twende Vugiri."

Tuliondoka asubuhi iliyofuata, kabureta kubwa ikiwa imefungwa. Njia ya chini ilikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda, mizunguko ya kwanza gari lilivuta kama jipya, nami nikajikausha nisionekane nafurahi. Lakini kadiri tulivyopanda ndivyo lilivyoanza kukohoa, na kwenye kioo nikaona moshi mweusi. Nikaegesha. Nilifungua plagi moja, imekuwa nyeusi kama sufuria la kuni.

"Hewa ya huku ni nyepesi," nilisema. "Petroli imezidi. Nilipaswa kuweka jeti ndogo zaidi."

Jeti ni kile kijitundu cha shaba kinachopitisha petroli. Sikuwa nimebeba nyingine. Mzee akafikiri, akauliza kama uzi wa waya unaweza kupita humo. Tukachomoa uzi mmoja mwembamba kwenye waya wa taa, nikaupitisha ndani ya kile kijitundu nikaukunja pande zote mbili usidondoke. Tundu likapungua. Tulipowasha, injini ilinguruma bila kukohoa.

Mzee hakupanda garini mara moja. Alisimama akitazama kona iliyo juu yetu.

"Mama yenu alikuwa akishuka hapa," alisema. "Kila mara. Nilikuwa namwambia gari linaweza, akasema anajua linaweza, ila anataka kulipunguzia mzigo. Anatembea hadi pale juu, ananisubiri. Nikifika namkuta anahema, anacheka."

Nikamuuliza, "Ungependa kutembea, baba?"

"Endesha taratibu nyuma yangu."

Alipanda ile kona kwa miguu, kanzu ameishika kwa mkono mmoja, nami nikimfuata kwa gia ya kwanza. Juu alijiegemeza kwenye mlango akahema, akapanguza macho kwa kofia yake, akaingia. Nilimpa maji akanywa.

Mdogo wa marehemu alitupokea kwa Kishambaa, na mzee akamjibu kwa Kishambaa chake chenye lafudhi ya Kizigua, ambacho mke wake alikuwa akikitania. Tulikwenda kaburini. Tulisoma Fatiha, tukang'oa majani. Mzee akabaki pale peke yake kwa muda, mimi nikasubiri kwenye migomba. Aliporudi aliomba chai, akala na viazi vitamu, akaongezewa.

Tulikubaliana kuiacha ile kubwa kwenye injini, pamoja na jeti ndogo niliyoichonga baadaye. Ya kwake aliifunga ndani ya gunia akaihifadhi, na bado anashikilia kwamba ilishinda.

Mwezi uliopita alipiga simu, nikadhani ananitafuta mimi. Alimtaka mke wangu. Alimwambia majani yameota tena kule juu, na kwamba hataki kwenda bila yeye. Mke wangu alifunga jembe dogo na vitafunio. Mzee alipofika kwetu na pikapu yake, nikakagua oili na maji, nikawafungulia geti, wakaondoka wawili, baba akiendesha.