Gololi Tisa za Yasinta

Kibakwe nzima ilimjua Yasinta mfinyanzi. Chungu chake hakikuvuja, mtungi wake ulipoza maji hata mwezi wa kumi, na ulimi wake, jamani, ulikuwa mkali. Mteja akilalamika sana anaambiwa, "Nenda kanunue sufuria, uunguze vidole." Kwa hiyo alipoanza kunyamaza, watu walipaswa kushtuka. Hawakushtuka. Walidhani ni uzee unamwingia.

Kilichomnyamazisha alikigusa siku moja anaoga, kwenye titi la kushoto. Kidogo, kigumu, hakiumi, kama punje ya choroko. Alikibonyeza, akakiacha, akakibonyeza tena, mpaka maji yakapoa kwenye ndoo. Mama yake mzazi alianza hivyohivyo, na walimzika kabla Yasinta hajaolewa.

Hakumwambia mtu. Mume alishafariki, na binti yake, Ruthu, alikuwa chuoni Dodoma, amepanga chumba Nzuguni, ana mitihani. Amwambie nini? Alikwenda kwenye udongo wake. Akamega kipande, akafumba macho, akakiviringisha kwa vidole vilevile vilivyokigusa kile kitu mpaka kikalingana nacho kwa ukubwa. Akakianika kivulini, kisha akakichoma pamoja na vyungu. Siku hiyo moyo ulitulia, akapata usingizi. Aliona kama ugonjwa umetoka mwilini ukakaa nje, mahali anapoweza kuutazama na kuutukana.

Basi ikawa mazoea. Kila mwezi, gololi moja. Alizichora mistari kwa mwiba, akazisugua kwa kokoto la mtoni mpaka zikang'aa, akazipanga dirishani. Zilikuwa nzuri, wala sitii chumvi. Watoto wa jirani walipoziomba wachezee aliwafukuza kwa kelele, halafu akazihesabu upya.

Hofu ilipomjia asubuhi, alizamisha mikono kwenye udongo, ikaondoka. Hapo ndipo palipokuwa na ubaya, ndugu yangu. Ilikuwa inaondoka kweli. Na mtu asiye na hofu atapanda basi kwenda hospitali kufanya nini? Kila gololi ilipotoka motoni aliiweka kiganjani akajichekea, "Kwani hiki nacho ni kitu? Kadogo hivi!" Miezi ikapita. Mkono wa kushoto ukaanza kuwa mzito. Akajifunza kubeba mtungi kwa mkono wa kulia.

Ruthu aliporudi likizo hakudanganyika hata siku moja. Alimwona mama yake anavaa blauzi kwa tabu, akaona na zile gololi dirishani, kila moja kubwa kuliko ya kabla yake.

"Mama, hizi ni za nini?"

Yasinta akamwambia yote, anatazama ukuta. Ruthu alilia mpaka kwikwi zikamshika. Kisha akazifunga gololi kwenye pindo la kanga ya mama yake, na kesho yake alfajiri wakapanda basi la mjini.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mwenye adabu. "Shikamoo mama," alisema, akafungua faili. "Umekigundua lini?"

Yasinta alisogeza kiti mezani. Alifungua pindo la kanga, akazipanga mezani moja baada ya nyingine. Zikafika tisa. Daktari alizihesabu kwa kidole, akaelewa bila kuelezwa. Akaichukua ya mwisho, akaizungusha kati ya vidole.

"Hii ndiyo ya mwezi huu?"

"Ndiyo. Niliichoma wiki iliyopita."

Daktari akaweka rula kando yake, akaandika. Uso wake ulilegea kidogo. "Kama ni cha ukubwa huu, mama, nadhani tumewahi."

Ruthu akashusha pumzi, akamshika mama yake bega, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Yasinta naye alitamani kucheka. Alitamani wanyanyuke sasa hivi, waende stendi, wale chipsi, warudi nyumbani. Neno lilikuwa limemkaa kooni tangu gololi ya kwanza, na alikuwa amelimeza kila mwezi kwa makusudi, yeye aliyefinyanga miaka thelathini.

"Daktari," alisema, "udongo ukikauka hunywea, unakuwa mdogo. Ukichomwa hunywea tena."

Ruthu akaacha kucheka. Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi. Yasinta akaanza kufungua vifungo vya blauzi.

"Futa hapo ulipoandika, mwanangu. Njoo ukiguse chenyewe."