Folda Iliyoitwa Mwisho

Peres Awiti alikuwa kwenye kiti cha msusi pale Kenyatta Market, Nairobi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado imesimama, alipoikumbuka ile folda.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa 2006. Jana yake jioni, kabla ya kutoka ofisini River Road, alikuwa ameweka mtandaoni tovuti ya kampuni ya ambulensi ya kule Karen. Nayan, mwenzake kazini, ndiye aliyechora kurasa. Peres aliandika programu za kuziendesha. Wote wawili walitupia faili zao kwenye kompyuta moja, kila mtu na mpango wake, mpaka folda zikarundikana: "mpya", "mpya2", "mwisho", "mwisho kabisa".

Akampigia Nayan.

"Nayan, ile namba ya dharura kwa ukurasa wa kwanza, ni ya kampuni kweli?"

"Inategemea ni folda gani. Kwa 'mwisho' nilibuni tu, nijaze nafasi. Ile yao iko kwa 'mwisho kabisa'."

"Mimi nilitoa kwa 'mwisho'."

Nayan akasema polepole, "Peres, watu wanapiga hiyo namba."

Hakungoja kumalizwa nywele. Alijifunga leso kichwani akaita teksi. Njia nzima alimwona mtu asiyemjua amelala sakafuni, na mwingine amepiga magoti kando yake, simu sikioni. Mlangoni pa ofisi ufunguo ulimponyoka mara mbili. Baada ya dakika kumi namba sahihi ilikuwa mahali pake, lakini hofu haikupungua hata kidogo. Tovuti ilikuwa imekaa hewani tangu jana.

Akaipiga ile namba ya kubuni, akiomba isiwe ya mtu yeyote. Ikapokelewa.

"Mimi ni Thuo, fundi wa viatu hapa Kawangware!" mwanamume alifoka kabla hata ya salamu. "Tangu asubuhi naitishwa ambulensi. Mimi nitatoa ambulensi wapi?"

"Pole sana, mzee. Ni makosa yetu. Wamepiga wangapi?"

"Watatu. Wawili walikata. Wa tatu ni mama wa Dagoretti, analia, mtoto wake hawezi kupumua. Nikamtumia jirani yangu wa teksi, akawakimbiza hospitali."

"Na mtoto?"

"Sijui. Ngoja nimtafute dereva, nitakupigia."

Nayan alifika, akavuta kiti, akakaa. Walingoja karibu saa nzima wakiitazama simu mezani. Ilipolia, Peres alishindwa kuishika. Nayan ndiye aliyepokea. Alisikiliza, akafumba macho.

"Amewekewa oksijeni. Anapumua."

Jumatatu walifuta fujo yote. Michoro ya Nayan ikapata folda yake, programu za Peres zikapata yake, na kurasa za mfano, yaani violezo, zikawa na folda moja ya wote wawili. Folda ya nne ilikuwa ya kazi inayokwenda kwa watu, na hakuna kilichoingia humo kabla hawajakisoma pamoja kwa sauti, neno kwa neno. Penye namba isiyojulikana, Nayan aliandika NAMBA HAPA kwa herufi nyekundu.

Hata hivyo, kwa miaka mingi Peres alipiga kwanza kila namba kabla ya kubonyeza kutuma. Jina la mama yule hakulijua. Thuo angeweza kumtafutia, lakini aliogopa kuuliza, asije akasikia mtoto alidhurika kwa kuchelewa.