Vipande Viwili vya Memori kutoka Southall

Dada yangu mkubwa alibaki Mombasa sisi wengine tulipohamia kwa Waingereza, kwa sababu mumewe alikuwa na karatasi za Kenya na mimi nilikuwa na pasi ya Mwingereza. Uzeeni masikio yalimziba. Si kidogo, yaliziba kabisa, na simu ikawa haina maana tena. Ndipo binti yangu akaniletea kompyuta yake aliyoichoka, akatuunganisha kwa picha, tukagundua kwamba dada anasoma midomo. Ukifungua kinywa vizuri, anakusikia kwa macho.

Shida ilikuwa kompyuta yenyewe. Picha iliganda, mimi mdomo wazi kama samaki wa sokoni, dada akiuliza, "Umesema?" Nikirudia, imeganda tena. Jumapili baada ya Jumapili tukawa tunapungiana mikono tu. Na mimi nilikuwa na neno la kumwambia, naye alishapita miaka themanini.

Binti akasema ni memori. Mashine ina kipande kimoja kidogo, kazi inaizidi.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliacha darasa la nne, na katika kiwanda cha nguo cha Kilburn nilikoanzia kazi hakuna aliyeniuliza cheti. Waliniwekea suruali mezani wakautazama mkono wangu. Mke wa mwenye kiwanda alinipa koti langu la kwanza la baridi, Mungu amlipe, koti la kike, vifungo upande wa kushoto, nikalivaa misimu mitatu bila kuona haya. Baridi haichagui. Lakini nilikuwa nasema habari ya memori.

Nilipanda basi mpaka Southall, kwenye duka dogo la Kalasinga mmoja. Tulianza kwa Kiingereza, changu cha kuungaunga. Akiwa anatafuta miwani akasema "ngoja" bila kujijua, nikamjua ni mtu wa kwetu. Kazaliwa Nakuru. Nikamwambia nataka memori kubwa kuliko zote, maana kitambaa hununuliwa kikubwa, kukata utakata baadaye. Akaniuliza aina yake. Sijui. Basi, akasema, niende nikailete ya zamani aione. Hapo nikampenda, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia wateja wangu maisha yangu yote: leta suruali ya zamani nipimie.

Kesho yake nikazima umeme nikaichomoa ile memori. Ni kitu chembamba, mfano wa rula fupi. Nikaona si adabu kukitia mfukoni hivi hivi, nikakifuta vumbi, nikakivingirisha kwenye mtandio wa nailoni wa mke wangu, kwa mapenzi kabisa. Kalasinga alipoufungua, mtandio ulimganda vidoleni ukatoa cheche.

"Mzee, hii kitu umeifunga na nini? Unataka kuiua?"

Nikamwambia Kiswahili chake kimeletwa na reli.

"Na reli ilianzia kwenu," akasema. "Mkaipungia mkono, mkarudi kulala."

Tulicheka mpaka mteja mwingine akatoka nje. Kisha akanieleza polepole. Ule umeme mdogo wa nailoni huchoma memori, wakati mwingine papo hapo, wakati mwingine baada ya siku kadhaa. Halafu akasema mashine yangu ina nafasi mbili, na kila nafasi inakubali giga mbili tu, kwa hiyo ile kubwa niliyoitaka isingefaa kitu. Angeweza kuniuzia nikaondoka nayo, na mimi nisingejua. Hakuniuzia.

Ikabaki kuchagua: ninunue kimoja cha giga mbili kikae na changu cha zamani, au ninunue viwili vinavyofanana. Mimi situpi kitu. Mtu aliyehama na sanduku moja hatupi kitu. Nikang'ang'ania changu. Akaniuliza kama nimewahi kukunja shuka na mke wangu. Nikasema kila wiki. Akasema mwenye mikono mirefu atamfuata mwenye mifupi, ndivyo kazi inavyokwenda. Vinavyofanana huvuta pamoja. Tena hiki changu kimeshapigwa na mtandio.

"Kinaweza kuwaka leo, Jumapili kikakuacha katikati. Unaongea na nani Jumapili?"

Nikamwambia ni dada, hasikii, anatazama midomo. Alifungua viwili, akavijaribu kwenye mashine yake mwenyewe, akaniambia nivishike pembeni tu, nianze kwa kugusa chuma cha kompyuta, nibonyeze mpaka vibanio vyote vilie.

Mke wangu alishika tochi. Vibanio vililia.

Jumapili mchana dada akatokea, na kope zake zikawa zinapepesa. Sijawahi kufurahi hivyo kuona mtu akipepesa kope. Nikamwambia neno langu. Kwamba mama alipokufa yeye ndiye aliyenikalisha kwenye cherehani yake, miguu yangu haifiki chini, akanifundisha mshono. Kwamba mshono ule umelea watoto wanne katika nchi hii, na sikuwahi kumshukuru hata siku moja.

Aliusogelea uso wa kompyuta.

"Usinifumbulie mdomo hivyo kama mtoto," akasema. "Nimeona. Na wewe mishono yako ilikuwa mibaya, nilikuwa naifumua naishona upya ukilala."

Miaka yote hiyo sikujua. Nikamwambia asante kwa hilo pia, na hilo nalo akaliona.