Mlango Tuliomfagilia Mtu Asiyekuwapo

Nyumba ya pembeni yetu ilikuwa tupu tangu kabla sijahamia mtaa ule. Mimi si mtu wa kukaa. Niliacha shule kidato cha pili, nikaacha Nakuru, nikaacha ghala la Shakopee, huku Marekani, ambako nilipanga maboksi hadi nikayaota, nikaishia kupanga chumba cha chini katika nyumba moja kwenye mji mdogo unaopakana na Saint Paul. Juu yangu aliishi mama mmoja mjane kutoka Kongo, pamoja na bintiye na watoto wa bintiye, wote ndani ya vyumba viwili. Mama aliniita Mkenya, kana kwamba ndilo jina nililobatizwa.

Mwenye ile nyumba tupu aliishi jimbo la mbali lenye jua mwaka mzima, akisubiri bei ipande. Paa lilikuwa zima na madirisha mazima. Ila hapakuwa na mtu.

Mama hakuweza kuvumilia. "Uwanja mchafu ni matusi kwa mtaa mzima," alisema, akachukua ufagio. Kiangazi nilikata nyasi pale huku yeye akipanda lengalenga, mchicha wa kwao, chini ya dirisha. Theluji ilipoanguka tulitoka na mabeleshi, tukasafisha njia ya wapita njia, kisha ngazi, hadi mlangoni. Alitundika hata taa kwenye kibaraza, akavuta waya kutoka dirishani kwake, giza lisikae karibu na watoto.

Kisha tangazo likabandikwa kwenye ule mlango. Baraza la mji lilitaka kuitangaza nyumba kuwa imetelekezwa. Nina ugonjwa wa kutaka kujua mambo, kwa hiyo nilikwenda maktaba kuisoma hiyo sheria. Ilikuwa rahisi: nyumba ikikaa tupu muda mrefu bila mwenyewe kuishughulikia, baraza lina uwezo wa kumlazimisha auze.

Binti wa Mama alinisikiliza huku amevaa sare ya kazini. Benki ilikuwa imekubali kumkopesha, lakini hapakuwa na nyumba ya kununua isipokuwa mbali, huko Shakopee. Akihamia huko, watoto wataondoka, na Mama atabaki na kuta. Nyumba ya pembeni ingewaweka wote uwanja mmoja.

Tukaenda kwenye kikao, Mama na kilemba chake cha kanisani. Wakili wa mwenye nyumba akaonyesha picha ukutani: njia iliyosafishwa hadi mlangoni, taa inayowaka, mboga.

"Waheshimiwa," akasema, "hivi ndivyo inavyoonekana nyumba iliyotelekezwa?"

Mama akanishika mkono. "Mkenya, ile si lengalenga yangu? Mon Dieu, imetoka vizuri!"

Nikamweleza kwa sauti ya chini kilichokuwa kikisemwa. Mkono wake ukaniachia. Shauri likaahirishwa.

Ndani ya gari, taa za barabarani zilipotusimamisha, binti alimgeukia mama yake. "Mama, ufagio wako ndio utatunyima nyumba."

"Ufagio haunyimi mtu. Anayetunyima ni yule anayeota jua."

"Basi tusifagie tena," nikasema. "Theluji ijae, waione."

"Na mtu akianguka pale njiani? Mleta barua? Njia ni ya watu, Mkenya. Mlango ndio wake."

Hivyo ndivyo tulivyofanya majira yale yote ya baridi. Tuling'oa taa. Tulisafisha njia ya wapita njia, na pale ngazi zake zinapoanzia tukaacha. Theluji ikajaa juu ya theluji hadi ikafika kwenye kitasa. Kila asubuhi Mama alisimama mbele ya lile lundo kama mtu anayetazama sahani chafu kwenye nyumba ya wakwe. Nilikuwa napiga picha.

Kikao cha pili aliomba kusema. Walimpa mkalimani wa kwenye simu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula.

"Mimi ndiye niliyefagia," Mama akasema. "Nilifagia kwa sababu yeye hayupo. Angekuwapo, ningefagia kwangu, basi. Mboga nilipanda mimi, tukala sisi. Mwulizeni ilikuwa na ladha gani."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Wakili akasimama. "Mama huyu anakiri kwamba aliingia kwenye mali ya mteja wangu bila ruhusa. Anaweza kushtakiwa."

Watu waliofika nchi hii kwa karatasi za ukimbizi hawalipendi neno mashtaka. Binti alimvuta Mama shali. Mama akairudisha shali yake begani.

"Bon. Aje anishtaki. Ila aje mwenyewe." Akainyooshea kidole picha yangu ukutani, lundo limeumeza mlango. "Mwambieni anionyeshe atapita wapi."

Mkalimani alitafsiri, na safari hii hakuna aliyecheka. Wakapiga kura. Waliotaka nyumba iuzwe walikuwa wengi kuliko waliokataa. Wakili akafunga mkoba wake, akasema watakata rufaa.

"Akate," Mama akaniambia nje, huku pumzi yake ikifuka kama chungu. "Theluji ipo."

Tulipofika nyumbani alisimama mbele ya ngazi zile. Vidole vilikuwa vinamcheza ndani ya glavu.

"Mkenya, kamata beleshi langu, ulifiche. Mikono inaniwasha."

Nikaliweka chini ya kitanda changu. Kuna rafiki ananiita nihamie mji wa Maple Grove, ana chumba chenye dirisha na kazi ya kuanza mara moja. Wakati mwingine wowote ningekuwa nimeshafunga begi. Nilimwambia atafute mtu mwingine. Rufaa haijasikilizwa, na Mama ameshashuka kwangu asubuhi hii, akichungulia uvunguni, akidai anatafuta sufuria.