Mwaka Niliofundishwa Kuwa Binti wa Mama Mudogo

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, kwetu mtaa wa Mapendo, Goma, niliambiwa nijifunze kuwa mtoto wa mtu mwingine. Mama mudogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa Ulaya miaka mingi kama mkimbizi. Aliiandikia serikali ya huko kwamba mimi ni binti yake, ili nipate viza.

"Usiniite tena mama mudogo," aliniambia kwenye simu. "Sema mama. Hata ukiwa peke yako."

Mama yangu mwenyewe alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuinua uso.

Nilikariri jina jipya, tarehe, na kijiji cha Masisi nilikodaiwa kuzaliwa. Sikuona aibu, niliona kama mtihani wa shule. Kisha barua ikaja: niende kliniki moja ya mtaa wa Himbi kupimwa ADN, yaani vinasaba. Daktari alinipitishia kijiti chenye pamba ndani ya shavu, akakifunga kwenye bahasha.

"Daktari, mate yanajua mama yangu ni nani?"

Alicheka. "Yanamujua kuliko wewe."

Kwa siku nyingi nilijitazama kwenye kioo, nikitafuta usoni kipi ni cha mama na kipi cha mdogo wake. Pua yetu sote ni moja. Niliamini pua ingetosha.

Haikutosha. Majibu yalisema sisi ni ndugu wa damu, lakini yeye si mama yangu. Viza ilikataliwa. Mama mudogo, aliyebakiza kidogo tu apewe uraia, aliitwa mahakamani kwa kudanganya. Alipewa kifungo cha nje, na ombi lake la uraia likakataliwa.

Kitu kimoja kilinisumbua: cheti cha kuzaliwa tulichotumia kuombea viza kilikuwa cha kweli. Kilitoka wapi? Nikampigia.

"Ni cha mutoto wangu," akasema. "Mulilingana. Alinifia kambini Kanyaruchinya tulipokimbia vita. Karatasi ilibakia."

"Ulimuambia hakimu?"

"Nilimuambia. Akasema: pole, mama, lakini huyu si yeye."

Yuko huko bado, kwa kibali cha kukaa anachoomba upya kila mwaka. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Goma.

Jumapili iliyofuata simu ile, nilimuuliza mama yangu mwenyewe kuhusu yule mtoto. Alinieleza mpaka chakula kikapoa: alivyopenda kubebwa mgongoni, alivyocheka akisikia mvua kwenye hema.