Nyimbo Zisizo na Mtu Aliyeshiba

Ottilie Marquardt aliishi na maiti tangu siku ya harusi yake, na hakuwahi kulalamika sana. Mumewe, Gotthilf, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa katika mji wao mdogo kando ya mto Oder, lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyimbo za visa: wafalme wanaokufa mezani, wasichana wanaozama, mizimu inayogonga madirisha. Asubuhi aliwaua sebuleni, mchana akala kwa raha zake.

Alikuwa mtoto wa mfua misumari. Utotoni aliimba na wenzake mlango kwa mlango, kwenye theluji, ili wapewe mkate, na njaa ile hakuisahau. Ndiyo maana kila alipomaliza kula, hata kama ni viazi na samaki wa chumvi tu, aliweka kijiko chini na kusema, "Ottilie, umenilisha tena." Hakuna siku aliyoiruka.

Namna yake ya kutunga ilikuwa moja. Mlango wa jikoni uachwe wazi, Ottilie amenye viazi, yeye akae kwenye kinanda cha sebuleni aimbe sauti zote peke yake: ya mfalme nzito, ya binti nyembamba, ya mzimu ya kunong'ona. Hakumwuliza mkewe neno. Alisikiliza kisu. Kisu kikiendelea kukwangua, ubeti ulifutwa. Kikisimama, ubeti ulibaki. Watu wa mjini waliolizwa na nyimbo zile hawakujua kwamba zilikaguliwa kwanza na kisu cha viazi.

Mwaka mmoja, uzeeni, baada ya Pasaka, Gotthilf alianguka kwenye ngazi za kanisa, akapooza upande wa kulia. Mkono wa kushoto ulibaki mzima, masikio pia, akili pia. Maneno ndiyo yaliyokwenda. Daktari alisema wamshukuru Mungu kwamba yu hai, na Ottilie alishukuru kwelikweli, maana alikwishajiona mjane. Lakini jioni ya kwanza alipompa supu, mzee aliweka kijiko chini, akafungua kinywa, ikatoka "nnn, nnn" tu. Akajaribu tena. Akalia. Tangu hapo akawa anasukuma sahani kabla haijafika nusu, kana kwamba asichoweza kukishukuru si halali yake kukila. Mashavu yakabonyea.

"Nani kakudai shukrani, mume wangu?" Ottilie alimfokea. "Kula! Utanifia hivi hivi, na supu iko mbele yako?"

Gotthilf aligeuza uso ukutani.

Aliyewaokoa ni Bi Pagel, mke wa mwoka mikate wa jirani, mwanamke mwenye sauti kubwa na asiye na sikio la muziki hata kidogo. Alileta mkate akiimba wimbo wa Gotthilf mwenyewe, ule wa msafiri anayemwita mvushaji kutoka ng'ambo ya mto, na msafiri hajui kwamba mvushaji alikwishazama. Gotthilf akakunja uso. Akavumilia. Bi Pagel alipofika kwenye ule mwito na kuupindisha vibaya, mzee akapiga meza kwa mkono wake mzima na kuimba, wazi, neno kwa neno:

"Mvushaji, mvushaji, njoo univushe!"

Mkate ukamponyoka Bi Pagel. "Yesu wangu! Kumbe anasema?"

"Hasemi," Ottilie alijibu. "Anaimba."

"Basi nitakuja kukosea kila siku."

Kuanzia hapo nyumba ikachangamka. Akitaka maji, aliimba msichana anayezama. Upepo ukipenya dirishani, aliimba mzimu. Kahawa aliiomba kwa sauti ya mfalme anayekata roho, kwa madaha hata Ottilie akampigia goti kwa mzaha, wakacheka mpaka machozi.

"Na akitaka chumvi," Bi Pagel aliuliza, "atamuua nani?"

Lakini mwisho wa chakula ulikuwa kimya kilekile, na sahani ilisukumwa vilevile. Katika nyimbo zake zote hapakuwa na neno la shukrani la kuazima.

"Kajitakia mwenyewe," Bi Pagel alisema. "Miaka yote hiyo, hajatunga hata mtu mmoja aliyeshiba!"

Ottilie alicheka, kisha akaenda jikoni akalia, kwa sababu ilikuwa kweli. Gotthilf naye alikuwa amesikia. Kesho yake akajikokota hadi kwenye kinanda, akanyoosha kidole kuonyesha mlango wa jikoni uachwe wazi.

Majira ya joto yote alihangaika kwa mkono mmoja. Alichukua mwito wa msafiri akajaribu kuupachika maneno mengine, lakini kila alipoyasukuma, alitoka mvushaji yuleyule. Ottilie akamenya viazi. Mara nyingi alitamani kukisimamisha kisu kwa huruma tu, lakini kwa kazi hii hakuwahi kumdanganya.

"Hicho ni kiraka, mzee wangu," alimwambia. "Wimbo huo naujua."

Gotthilf aliguna kwa hasira, hasira ileile ya zamani, na Ottilie alifurahi kuisikia.

Siku moja ya Novemba, theluji ya kwanza ikianguka, kinanda kilianzia mahali pengine kabisa. Hapakuwa na mfalme wala mzimu. Ulikuwa muziki mwepesi, wa mtoto aliyesimama mlangoni kwa mtu na miguu yake imepata baridi. Ukapita mara moja bila maneno, ukarudi, na juu yake ikaja sauti ya mzee, polepole.

"Ottilie," iliimba, "Ottilie, umenilisha tena."

Kisu kikasimama.

Gotthilf alisubiri, ameinamisha kichwa kuelekea jikoni. Hakusikia kitu.

"Huo usiufute," Ottilie alisema hatimaye. "Umesikia? Usiuguse."

Jioni alikula sahani nzima, akaweka kijiko chini, akauimba. Kisha akaimba kwa sauti ya mfalme wake anayekata roho, akanyoosha sahani kuomba nyingine.